Kuchagua Kivinjari Mbadala: Faragha Unayoipata na Usalama Unaoweza Kuupoteza

Mtu anayeamua kuachana na Chrome kwa kawaida huwa na sababu moja kichwani: amechoka kufuatiliwa. Sababu hiyo ni ya haki, lakini haitoshi kumchagulia kivinjari, kwa kuwa faragha na usalama ni mambo mawili tofauti, na mara nyingi mtu hupata moja kwa kupunguza jingine. Faragha inahusu nani anajua unachosoma, ukiwa wapi na kwa kutumia kifaa gani. Usalama unahusu iwapo ukurasa wenye nia mbaya unaweza kupenya kivinjari na kufikia simu yako, nywila zako au akaunti yako ya benki. Chrome yenyewe ni mfano mzuri: kampuni inayoitengeneza huishi kwa matangazo, na bado ni miongoni mwa vivinjari vigumu zaidi kupenywa. Kwa upande wa pili, vipo vivinjari vidogo ambavyo havitumi taarifa yoyote kwa mtengenezaji, lakini hukaa wiki kadhaa na tundu la usalama (kosa linalomwezesha mhalifu kupenya) ambalo wengine wamekwisha kuliziba.

Mwongozo huu unamfikiria zaidi mtumiaji wa simu ya Android, maana kwa wasomaji wengi wa Kiswahili hiyo ndiyo kompyuta ya kwanza na mara nyingi ya pekee. Mwenye kompyuta naye atapata chake njiani.

Unamkwepa nani?

Kabla ya kupakua chochote, jiulize ni nani hasa hutaki ajue mambo yako, kwa sababu hakuna kivinjari kinachowazuia wote. Wauza matangazo hukufuata kutoka tovuti moja hadi nyingine kwa vidakuzi (vijifaili vya kukutambua ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari) na kwa alama za kifaa chako. Mwenzako mnayetumia naye simu moja huona historia iliyobaki ndani yake. Kampuni inayokuuzia bando kwa kawaida huweza kuona majina ya tovuti unazozitembelea, hata kama yaliyomo kwenye kurasa zenyewe yamesimbwa, yaani yamefichwa yasisomeke njiani. Mhalifu, yeye hajali unasoma nini, anataka nywila.

Hali fiche (incognito), iliyomo karibu katika kila kivinjari, hukukinga dhidi ya huyo wa pili tu, nayo huaminiwa kuliko inavyostahili. Nchini Marekani, Google ilishtakiwa na watumiaji waliodai kuwa waliendelea kufuatiliwa wakiwa katika hali hiyo, na katika makubaliano yaliyowasilishwa mahakamani Aprili 2024 ilikubali kufuta mabilioni ya rekodi na kurekebisha maelezo yanayotolewa kwa mtumiaji. Na ikiwa unayemhofia ni mwenye intaneti kafe, hali fiche nayo haikusaidii kitu, kwa kuwa kompyuta ni yake na anaweza kuwa ameweka humo programu yoyote aliyoitaka.

Ukishapata jibu, utaona kwamba watu wengi wanahitaji mambo mawili kwa wakati mmoja: kupunguza ufuatiliaji wa matangazo wanaposoma, na ulinzi wa hali ya juu wanapoingia benki au kwenye barua pepe. Hakuna lazima ya kupata yote mawili katika kivinjari kimoja.

Injini kwanza, tarehe baadaye

Majina ya vivinjari ni mengi, lakini injini, yaani sehemu inayosoma msimbo (maagizo ya programu) wa tovuti na kuuonyesha kama ukurasa, zenye uzito ni tatu: Blink ya mradi wa Chromium (msingi wa wazi ambao juu yake Chrome hujengwa), ambayo Google iliitenga kutoka WebKit mwaka 2013, Gecko ya Mozilla, na WebKit ya Apple. Chrome, Brave, Edge, Opera, Vivaldi na Samsung Internet vyote huendeshwa na Blink, ilhali Firefox, LibreWolf, Mullvad Browser na Tor Browser hutumia Gecko. Kwenye iPhone, ukiacha masoko ambako sheria imeilazimisha Apple kulegeza, kama ilivyotokea katika Umoja wa Ulaya kuanzia iOS 17.4 ya Machi 2024, kivinjari chochote utakachoweka huendeshwa na WebKit. Kwa hiyo mwenye iPhone anapobadili kivinjari hubadilisha sera za faragha na mwonekano, lakini injini inabaki ileile na matundu yake yaleyale.

Tundu likigunduliwa kwenye injini au kwenye maktaba (kipande cha msimbo ambacho programu nyingi hukitumia kwa pamoja), vivinjari vyote vinavyoitegemea huwa hatarini siku ileile, na kinachovitofautisha ni kasi ya kuliziba. Septemba 2023 ulikuwa mtihani wa wazi. Apple pamoja na Citizen Lab, maabara ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Toronto, waliripoti kasoro katika libwebp, maktaba ya kufungulia picha za aina ya WebP, wakati wavamizi walikuwa tayari wanaitumia. Picha iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kuharibu kumbukumbu ya programu na kumfungulia njia mvamizi. Google ilitoa kiraka (sasisho la kuziba tundu) cha Chrome tarehe 11 Septemba, na Mozilla ikatoa cha Firefox siku iliyofuata. Watengenezaji wadogo wanaochukua kazi ya hao wawili na kuifanyia marekebisho wanaweza kuziba tu baada ya kiraka kutolewa, na hapo tayari kiraka chenyewe kimemwonyesha kila mvamizi mahali pa kuchimba.

Jambo hili unaweza kulipima mwenyewe bila utaalamu wowote. Fungua ukurasa wa kivinjari hicho katika duka la programu, tafuta sehemu ya maelezo kuhusu programu, kisha tazama tarehe ya sasisho la mwisho. Ikiwa imepita zaidi ya mwezi, kuwa na shaka. Kisha, kama ni kivinjari cha ukoo wa Chromium, andika chrome://version kwenye upau wa anwani usome namba ya kwanza ya toleo la Chromium, halafu uilinganishe na namba ya Chrome iliyo mpya kwa siku hiyo. Mwishoni mwa 2021 Chrome ilianza kutoa toleo jipya takriban kila wiki nne. Kwa mwendo huo, tuseme Chrome ikiwa kwenye 140 na chako kikaonyesha 132, hapo upo nyuma kwa zaidi ya miezi saba. Baadhi ya watengenezaji hurudisha viraka kwenye toleo la zamani, lakini wanaofanya hivyo kwa uaminifu huwa wanasema hivyo katika maelezo ya kila sasisho. Ukikuta maelezo yanayorudia tu kwamba wameboresha utendaji, mwezi baada ya mwezi, usiwahesabu miongoni mwao.

Vivinjari pia hufa. Bromite, kilichosifiwa sana na wapenda faragha, kilikwama kwenye toleo la 108. Mull kilikoma pamoja na mradi wa DivestOS Desemba 2024, na Kiwi, kilichopendwa kwa sababu kilikubali viendelezi (programu ndogo za kukiongezea kivinjari kazi) vya Chrome kwenye Android, kilisitishwa Januari 2025. Vyote vilitegemea mtu mmoja au wachache sana. Tatizo ni kwamba kivinjari kilichokufa hakijiondoi kwenye simu. Kinaendelea kufunguka na kuonekana kizima, huku matundu yakiongezeka kila mwezi. Kama unacho kimojawapo, kiondoe leo.

Kwa wenye vifaa vya zamani, mwisho wa njia hupangwa na mfumo wa simu au kompyuta. Chrome 138 ndiyo ya mwisho kwa Android 8 na 9, na Chrome 109 ya Januari 2023 ndiyo ya mwisho kwa Windows 7. Kwenye kompyuta kama hiyo, toleo la muda mrefu la Firefox, yaani ESR 115, liliendelea kupata viraka kwa miaka zaidi baada ya Chrome kuondoka, kwa hiyo hapo kuhamia kivinjari mbadala kuliongeza usalama badala ya kuupunguza.

Firefox ya simu na kuta zake

Hapa ndipo pana mvutano mkali zaidi. Januari 2018 dunia iliambiwa kuhusu Spectre, udhaifu wa vichakato ambao ungeweza kuruhusu tovuti moja kusoma kumbukumbu ya nyingine iliyofunguliwa katika mchakato mmoja nayo, yaani katika chumba kimoja cha kazi ndani ya kifaa. Jibu la Chrome lilikuwa kutenga kila tovuti katika mchakato wake, kuanzia toleo la 67 la kompyuta mwaka huohuo. Kwenye Android ulinzi huo ulikuja mwaka 2019 na Chrome 77, tena kwa tovuti ambazo watumiaji huingiza nywila na kwa simu zenye angalau GB 2 za RAM. Anayetumia simu ya bei nafuu yenye RAM ya GB 1 asidhani anapata Chrome ileile anayoisoma kwenye sifa. Firefox ya kompyuta ilifika hapo mwishoni mwa 2021, na ile ya Android ikabaki nyuma kwa miaka. Ndiyo sababu watu wa GrapheneOS, mfumo wa Android unaotilia mkazo usalama, wamekuwa wakiwashauri watumiaji wao waepuke vivinjari vya Gecko kwenye simu.

Hata hivyo, Firefox ya Android inakubali uBlock Origin, kiendelezi cha kuzuia matangazo, wakati Chrome ya Android haikubali kiendelezi chochote. Matangazo si kero tu, kwa kuwa mitandao ya matangazo imetumiwa mara nyingi kupitishia msimbo wa uhalifu na kurasa za kuwatisha watu kwamba simu zao zina virusi. Kuyazuia ni kuondoa mlango mmoja mkubwa. Kwa mtu anayesoma magazeti na tovuti za michezo zilizojaa madirisha ya kurukaruka, naona Firefox yenye uBlock Origin ina faida kubwa kuliko hasara yake. Kwa benki, barua pepe na huduma za serikali, ningetumia kivinjari cha Chromium kinachosasishwa haraka, na nisifungue kingine chochote humo.

Brave kinajaribu kushika pande zote mbili: kina injini ya Chromium, husasishwa mara kwa mara, na kizuia matangazo kimejengwa ndani. Kwenye kompyuta hilo limekuwa na uzito zaidi tangu Google ilipobadilisha kanuni za viendelezi vya Chrome, hatua iliyoifanya uBlock Origin kamili ishindwe kufanya kazi humo na kubaki ndugu yake mdogo, uBlock Origin Lite.

Nani analipa mishahara?

Kujenga kivinjari ni ghali, na anayekupa bure ana mahali anapopatia. Fedha za Mozilla kwa sehemu kubwa hutoka Google, kwa mkataba wa kuwa injini ya utafutaji inayowekwa mwanzoni. Brave ina matangazo yake na sarafu yake ya kidijitali. Kujua chanzo cha fedha kunakuonyesha mahali ambapo mtengenezaji atajaribiwa.

Na majaribu yamewahi kushinda. Juni 2020 Brave ilibainika kuongeza msimbo wake wa kamisheni pale mtumiaji alipoandika anwani ya Binance, soko la sarafu za kidijitali, na mkurugenzi wake Brendan Eich akaomba radhi. Mei 2022 mtafiti mmoja alionyesha kwamba kivinjari cha simu cha DuckDuckGo kiliruhusu baadhi ya vifuatiliaji vya Microsoft kwa sababu ya mkataba wa utafutaji, kasoro iliyorekebishwa Agosti mwaka huo. Julai 2024 Firefox 128 ilikuja na kipengele cha kupima ufanisi wa matangazo kikiwa kimewashwa tayari, bila mtumiaji kuulizwa. Mbaya zaidi ilikuwa Avast, kampuni ya ulinzi dhidi ya virusi, ambayo Februari 2024 ilitozwa dola milioni 16.5 na Tume ya Biashara ya Marekani kwa kuuza data za kuvinjari za wateja wake.

Sioni kwamba visa vitatu vya kwanza vinatosha kuvikataa vivinjari hivyo, kwa kuwa kila kimoja kilikosolewa hadharani na watu wa nje, na katika viwili vya kwanza mabadiliko yakafuata. Vinatosha kukufanya uingie kwenye mipangilio siku ya kwanza. Katika Brave zima zawadi, picha za wadhamini kwenye kichupo kipya na utumaji wa takwimu za matumizi. Katika Firefox nenda sehemu ya faragha na usalama, zima ukusanyaji wa data za kiufundi na upimaji wa matangazo ukiukuta bado umo, kisha weka kinga dhidi ya ufuatiliaji kwenye kiwango cha juu. Tangu Juni 2022 Firefox ya kompyuta hutenga vidakuzi vya kila tovuti peke yake. Chrome iliahidi kwa miaka kuondoa vidakuzi vya watu wa tatu, yaani vinavyowekwa na wengine wasio tovuti uliyoifungua, na Julai 2024 ikauacha mpango huo, kwa hiyo anayebaki nayo avizuie mwenyewe kwenye mipangilio.

Vivinjari vya kubana data

Opera Mini ni kipenzi cha Afrika Mashariki kwa sababu inayoeleweka na kila mtu aliyewahi kuhesabu MB zilizobaki. Lakini ni muhimu kujua inavyofanya kazi. Ukiwasha hali yake ya ubanaji wa juu kabisa, simu yako haizungumzi na tovuti moja kwa moja. Ombi lako huenda kwenye seva ya Opera, seva hiyo hufungua ukurasa, huukandamiza, kisha hukutumia matokeo. Mawasiliano yamesimbwa kati yako na Opera, na tena kati ya Opera na tovuti, lakini katikati, ndani ya seva, ukurasa uko wazi. Nywila unayoandika hupita hapo pia. Maana yake si kwamba kuna mtu anakaa akiisoma. Maana yake ni kwamba umeongeza mhusika mmoja wa kumwamini ambaye tovuti ya benki haikumpanga. Kampuni hiyo ya Norwei ilinunuliwa na kundi la wawekezaji wa China mwaka 2016, na mkazi wa nchi yoyote ana haki ya kujiuliza data zake zinasimamiwa na sheria ya wapi. Tumia hali hiyo kwa habari na matokeo ya mechi, na uizime kabla ya kuingiza nywila yoyote.

UC Browser sikishauri kabisa. Mwaka 2015 Citizen Lab ilionyesha kwamba matoleo yake ya Android yalivujisha maneno ya utafutaji, na toleo la Kichina likatuma hata vitambulisho vya simu na vya laini, bila usimbaji au kwa usimbaji dhaifu. Mwaka 2019 kampuni ya kupambana na virusi ya Dr.Web iligundua kuwa kiliweza kupakua vipande vya msimbo nje ya duka la Google, kupitia mawasiliano yasiyosimbwa, kiasi kwamba mtu aliye kwenye Wi-Fi moja nawe angeweza kubadilisha kinachopakuliwa.

Ukitaka kuokoa bando bila kumweka mtu katikati, njia nzuri ni kizuia matangazo. Katika mipangilio ya uBlock Origin kipo kisanduku cha kuzuia picha na video zinazozidi ukubwa fulani kwa kilobaiti. Weka kikomo cha 50, ukurasa utafunguka kwa maandishi na picha ndogo, na picha kubwa utaibofya tu ukiitaka.

Kivinjari usichokichagua

Unapobofya kiungo ndani ya Facebook au Instagram, mara nyingi ukurasa hufunguka ndani ya programu hiyo hiyo, na kivinjari ulichokichagua kwa makini hakihusishwi. Ingia kwenye mipangilio ya programu hizo uchague viungo vifunguke nje, pale inapowezekana, na katika mipangilio ya simu weka kivinjari chako kuwa cha msingi.

Hilo halimalizi kila kitu. Juni 2025 watafiti wa Ulaya walifichua kwamba programu za Facebook na Instagram kwenye Android zilikuwa zikisikiliza ndani ya simu yenyewe, na msimbo wa Meta, kampuni inayomiliki programu hizo, uliomo kwenye tovuti nyingi ukazipelekea kidakuzi kupitia kivinjari, hivyo ziara isiyo na jina ikaunganishwa na mtu mwenye akaunti. Hali fiche na kufuta vidakuzi havikusaidia. Brave ilikuwa imefunga njia hiyo tangu awali kwa kuzuia tovuti kuzungumza na simu yenyewe bila ruhusa. Meta iliacha mtindo huo mara ulipotangazwa. Kwa anayeweza, dawa ya uhakika ni kuondoa programu ya Facebook na kuitumia kupitia kivinjari.

Ukitaka kwenda mbali zaidi

LibreWolf ni Firefox iliyokazwa kwa ajili ya kompyuta. Hufuta vidakuzi unapoifunga, huzuia matangazo, na hudanganya kuhusu alama za kifaa chako, pamoja na majira. Mtumiaji wa Nairobi au Dodoma atashangaa kuona kikao cha saa nne asubuhi kwenye kalenda ya mtandaoni kimeandikwa saa moja, kwa sababu kivinjari kinaiambia kila tovuti kwamba kipo kwenye majira ya kimataifa, saa tatu nyuma yetu. Ni usumbufu wa makusudi, wala usihangaike na saa ya kompyuta. Kilicho kizito zaidi ni kwamba huduma ya Google ya kuonya kuhusu tovuti za hadaa imezimwa humo, na vivyo hivyo katika ungoogled-chromium, yaani Chromium iliyoondolewa huduma za Google. Mtu makini anaweza kuvumilia. Mzazi wako anayebofya kila ujumbe wa zawadi asiwekewe kivinjari hicho, au umwashie huduma hiyo kwenye mipangilio ya LibreWolf kabla ya kumkabidhi.

Kukaza kupita kiasi pia humfanya mtu atambulike. Ukibadilisha fonti, ukubwa wa dirisha na viendelezi kumi, unakuwa na mchanganyiko ambao hakuna mwingine anao. Cover Your Tracks, tovuti ya majaribio ya EFF (shirika la kutetea haki za mtandaoni), itakuonyesha jinsi unavyojitokeza. Tor Browser na Mullvad Browser, kilichotoka Aprili 2023, hufanya kinyume: huwafanya watumiaji wote wafanane, ndiyo maana usiviongezee kiendelezi chochote.

Tor Browser hupitisha mawasiliano yako katika vituo vitatu, hivyo kampuni ya simu haioni unakokwenda, ingawa inaweza kuona kwamba unatumia Tor. Usiingie humo kwa akaunti yenye jina lako ukitarajia kubaki bila jina. Jua pia sheria ya ulipo: Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, iliwataka wanaohitaji VPN (huduma ya kupitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingine) kwa kazi zao wajisajili, na zana nyingine za kuficha njia zinaweza kuangaliwa kwa jicho lilelile.

Siku ya kuhama

Weka viendelezi vichache, kwa kuwa kila kimoja kinaweza kusoma kurasa zako na kinaweza kuuzwa kwa mmiliki mwingine bila wewe kujua. The Great Suspender, kiendelezi kilichotumiwa na watu wengi mno, kiliuzwa mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakizima kwa kuwa na msimbo hasidi.

Kabla ya kukiondoa kivinjari cha zamani, toka kwenye akaunti zako zote na ufute data zilizosawazishwa kwenye seva za mtengenezaji, maana kuondoa programu peke yake huziacha huko. Nywila zikihamishwa kwa faili, kumbuka kwamba faili hilo la CSV ni maandishi ya kawaida, kila nywila ikisomeka kwa yeyote anayelifungua. Usijitumie kwa WhatsApp wala barua pepe. Liingize kwenye kivinjari kipya, hakikisha nywila mbili tatu zinafanya kazi, kisha lifute kwenye folda ya vipakuliwa, kwenye pipa la taka, na kwenye hifadhi ya mtandaoni ikiwa simu yako hunakili mafaili yenyewe.